Tunaingia Tisa

Kwanza nikuweke sawa: mimi si mtu wa kuamini kila upuuzi. Paka akilia dirishani usiku namrushia ndala, basi, sianzi kuamsha majirani kwamba tumeingiliwa. Kwa hiyo hili ninalokueleza sikulisikia saluni. Lilitokea saa nne asubuhi, jua linawaka, na nilikuwepo.

Kazi yetu ilikuwa kutembeza wageni baharini. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mbao kando ya ufuko: dawati langu, misumari ya kutundikia majaketi ya kuelea, ubao mweupe ukutani, na harufu ya mpira uliolowa isiyotoka hata ukipiga deki mara tatu. Wengine walikuja kupanda mwamba, wengine walikodi miwani ya kupigia mbizi waone samaki, lakini wengi walifuata pango. Unaingia kwa kayaki, ile mitumbwi ya plastiki ya rangi rangi, maji yakiwa yamekupwa. Unapiga kasia dakika kumi gizani, kisha unatokea kwenye ukumbi mpana wenye tundu juu, jua linamiminika humo na maji yanageuka kijani. Watu wazima walikuwa wanalia wakiyaona.

Aliyewaongoza ni mdogo wangu. Nilimlea mwenyewe tangu mama yetu alipofariki, nikamfundisha hadi kufunga kamba za viatu. Mji mzima ulimwita Kapteni, ingawa hajawahi kuwa nahodha wa chombo chochote kikubwa kuliko kayaki. Jaketi lake niliandika mimi mgongoni kwa kalamu nene nyeusi: KAPTENI. Herufi ya mwisho ikakosa nafasi, ikapanda juu kidogo, na kwa hiyo herufi alinisumbua miaka.

"Dada, kuandika ulisomea wapi?"

"Pale pale nilipokuwa nakupangusa makamasi."

Sasa, kulikuwa na jambo moja la kazi ambalo wageni walidhani ni maonyesho. Kabla kundi halijatoka, nahesabu vichwa na kuandika idadi ubaoni. Kapteni anaisoma. Wakifika kwenye mdomo wa pango anasimamisha kayaki na kupaza sauti kuelekea ndani: "Tunaingia wanane, tunatoka wanane!" Mwangwi unarudisha, wanane, wanane, mpaka unafifia. Wageni wanacheka na kupiga picha. Ndipo wanaingia.

Aliyelishikilia jambo hilo ni bosi wetu, mama mmoja mkavu, hacheki hata umtekenye. Biashara aliianzisha mumewe. Siku moja mume aliwahesabu wageni wake, saba, akapaza sauti "saba", akaingia nao. Alijisahau mwenyewe. Ni kosa la watu wa kazi ile: unawahesabu wote, unamsahau anayehesabu. Wakatoka saba kweli. Yeye alipatikana kesho yake nyuma ya mwamba, tena si mwili wote. Bosi alikitambua kiatu, kamba zimefungwa vizuri, mguu ukiwa ndani. Tangu siku hiyo maneno yake yalikuwa yale yale kila asubuhi: "Liambieni pango mko wangapi, na msikosee." Tulimcheka akishageuka. Lakini kuhesabu tulihesabu.

Siku yenyewe, wifi yangu, mke wa Kapteni, alifunga cherehani yake akaja kutembea nasi. Miaka sita ya ndoa, na miaka sita ya watu kumwangalia tumbo kabla hawajamwangalia usoni. "Vipi, bado?" Hata muuza vocha alikuwa anauliza. Alinivuta nyuma ya majaketi, akachukua kiganja changu akakiweka chini ya kitovu chake.

"Wifi. Nimebeba."

Nilipanua mdomo kupiga kigelegele, akauziba kwa mkono.

"Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe kule ndani, kwenye mwanga. Ndiko alikoniomba tuoane."

Nililia nikicheka, mwanamke mzima, makamasi mpaka kidevuni. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kabla wala baada.

Msaidizi wa Kapteni alikuwa ameamka na homa, kwa hiyo ikabidi niende mimi nikae nyuma ya msafara. Wageni walikuwa sita: maharusi wawili, mwalimu mstaafu na mumewe, na jamaa wawili wa benki, mmoja amevaa kofia ya majani pana kama ungo, mdomo haupumziki. Sita. Kapteni, saba. Wifi, nane. Mimi, tisa. Nikachukua kalamu nikaandika 9.

Nakwambia ukweli wa Mungu, mkono ulisita. Nilijua kuna mmoja sijamhesabu. Nikajiambia, acha ushamba, kitu kisichozidi haragwe kitahesabiwaje? Halafu nikiandika kumi, mdogo wangu atauliza wa kumi ni nani, na siri ya wifi imeishia hapo. Nikafunika kalamu.

Bahari ilikuwa shwari. Wageni walipanda wawili wawili, mimi na wifi kayaki moja, Kapteni peke yake mbele. Tulipofika kwenye mdomo wa pango akainua kasia.

"Tunaingia tisa, tunatoka tisa!"

Tisa, tisa, tisa, likajibu pango. Jamaa wa kofia naye akapayuka "tisa!" kwa sauti ya mbuzi, tukacheka wote.

Ukumbini mwanga ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Maharusi walikumbatiana, nusura wapinduke. Kapteni akasogea ubavuni mwetu, wifi akamwinamia sikioni. Niliuona uso wa mdogo wangu ukifunguka. Akacheka kwa sauti, akambusu mkewe kwenye paji la uso, akapiga maji kwa kiganja kama mtoto. Kisha kicheko kikakatika. Akanigeukia mimi.

"Dada. Uliandika ngapi?"

Nikatumbukiza kasia majini.

"Dada."

"Tisa."

Hakunigombeza. Aliwageukia wageni na ile sauti yake ya kazini, tulivu, akawaambia maji yanaanza kujaa, tutoke, kayaki moja baada ya nyingine. Halafu akaielekea njia ya giza na kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Kumi! Tunatoka kumi!"

Tukasubiri mwangwi.

"Tisa."

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya chini, ya karibu, na ilitoka nyuma yetu.

"Nani amesema?" mwalimu akanong'ona. Wageni wakaingia njiani, kayaki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zao zilikwenda. Yetu ikagoma. Napiga kasia, maji yanaruka, na ule mwamba wenye ukungu wa kijani uko pale pale ubavuni kwangu.

"Wifi," mke wa Kapteni akaniita kwa sauti ndogo. "Mbona jaketi linanibana?"

Nikatazama. Kamba ya kiunoni ilikuwa inajivuta yenyewe. Tk. Kifungo kinameza kamba. Tk. Tk. Nikaingiza vidole niizuie, ikavibana mpaka kucha moja ikang'oka. Wifi alikuwa ameachama, pumzi haiingii. Kamba ilikuwa inazama pale pale chini ya kitovu.

Kapteni aliruka majini na kisu chake cha kamba. Akakata mkanda wa kwanza. Akakata wa pili. Jaketi likafunguka, na papo hapo kitu kikamnyakua wifi kiunoni na kumtoa kwenye kayaki kama mtu anavyong'oa mhogo. Kapteni akamdaka. Wakaburutwa wote wawili. Wakapigwa ukutani. Nikasikia mkono wa mdogo wangu ukivunjika. Nilikuwa mbali hatua tano, na nilisikia.

Nikapiga yale maji kwa kasia. Nikapiga nikitukana matusi ambayo sijui niliyajulia wapi. Pigo la nne halikupata maji. Lilipata kitu laini. Kikashika kasia, kikalivunja kama kijiti cha kibiriti, na kipande kikarudi kikanichana shavu. Kovu hili hapa, liguse.

Nani alirudi kutusaidia? Yule wa kofia. Yule mropokaji. Aligeuza kayaki, mwenzake akilia nyuma yake, akamkamata wifi kwapani na kuvuta. Kayaki ikarushwa juu ya mwamba na mkono wake ukawa katikati. Vidole vitatu vikasagika. Alipiga ukelele lakini hakumwachia wifi. Sitamcheka tena mtu yeyote kwa kofia yake.

Maji yalikuwa mekundu. Kapteni alikuwa ameshikilia jiwe kwa mkono mmoja, ule mwingine unaning'inia. Damu ilimfunika jicho. Nikaona midomo yake ikicheza. Alikuwa anahesabu. Wageni sita. Dada. Mke. Mtoto.

Akatabasamu. Lile tabasamu la siku alipoweza kufunga kamba za viatu mwenyewe.

"Watoe, dada. Ni tisa."

Akaachia jiwe.

Hakuzama. Kingemzamisha tu, ningelala usingizi siku hizi. Kilimnyanyua hewani. Kikampiga ukutani, kama mtu anayefua nguo nzito juu ya jiwe. Mara ya kwanza aliita jina langu. Mara ya pili alitoa sauti tu. Mara ya tatu ilikuwa kishindo cha maji maji, na mvua ya damu ya moto ikaninyeshea usoni. Pale pale kayaki zikatemwa, zikaserereka njia nzima bila mtu kugusa kasia, zikatokea juani.

Ufukweni watu walikuwa wanakula askrimu. Bosi alikuja mbio, akatuhesabu kwa kidole, wanane. Akamtazama wifi, aliyekuwa amejikumbatia tumbo kwa mikono yote miwili. Akaelewa kabla sijafungua mdomo. Alikaa chini mchangani na nguo zake za ofisini, na mpaka leo natamani angenizaba kofi.

Walimtafuta siku tatu. Waliipata kayaki yake, imepasuka. Mwili hawakuupata. Jaketi nalo halikupatikana.

Miezi miwili baadaye nilimsindikiza wifi kliniki kupiga picha ya tumbo. Nesi alikuwa binti mchangamfu. Akapitisha kile kidude juu ya mafuta, akasita, akapitisha tena, akacheka.

"Hongereni. Wapo wawili."

Wifi alilia. Alisema ameachiwa wawili badala ya mmoja, Mungu si Athumani. Mimi nilisimama pale nimemshika mkono na kichwani mwangu nahesabu. Wageni sita. Wifi. Mimi. Na hao wawili. Kumi. Mdogo wangu alikufa akijua tumetoka tisa, na tulitoka kumi. Wifi sijamwambia mpaka leo, na wewe ukikutana naye ufunge domo lako.

Pacha wana miaka minne sasa, wa kike na wa kiume. Pango bosi alilifunga kwa nondo. Tunakodisha miwani tu, nami bado nakaa kwenye dawati lile lile, maana sina kazi nyingine ninayoijua. Ubao niliuchoma moto. Msumari wa Kapteni niliuacha wazi. Watoto hawaji ufukweni. Wakiniuliza sababu, nawaambia kuna jua kali.

Jumapili iliyopita wifi alikuwa anawapima sare za chekechea. Watoto hawatulii, yeye ana futi kamba shingoni na pini mdomoni, basi akanipa mimi karatasi na kalamu niandike. Wa kike, kiuno inchi ishirini. Wa kiume, ishirini na moja. "Andika vizuri, wifi," akanitania, "usije ukapandisha namba juu." Nikacheka. Nikaandika.

Jumatatu asubuhi nilifungua ofisi. Kufuli lilikuwa kama nilivyoliacha. Dirisha pia. Sakafu ilikuwa imelowa.

Kwenye msumari wa Kapteni kulikuwa na jaketi. Lilikuwa linachuruzika. Rangi haijapauka, hakuna ukungu wala kombe. Nikaligeuza. KAPTENI, na ile herufi ya mwisho imepanda juu kidogo.

Kamba za kiunoni zilikuwa zimevutwa. Mdogo wangu alikuwa na kifua kipana, alizilegeza siku zote mpaka mwisho. Sasa zilikuwa zimevutwa ndani, ndani kabisa, na vifungo vimebana. Mtu mzima hawezi kulivaa lile.

Futi kamba ya wifi ilikuwa imebaki kwenye mkoba wangu tangu Jumapili, nikaitoa. Nikaizungusha kiunoni mwa jaketi. Nikarudia. Nikarudia tena.

Inchi ishirini na moja. Safari hii sikuandika popote.