Mstari wa Rula

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia hospitali kumsubiri mama yake, msimamizi wa chumba cha kufulia nguo. Jina hilo alipewa na wafuaji wenyewe, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alifanya kazi za shule kwenye kona ya meza ndefu ya kukunjia mashuka, huku mashine zikinguruma.

Mama naye alikuwa mwanafunzi. Kila Jumamosi alikwenda chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya uongozi. Sasa alikuwa akifanya utafiti, na kila mfuaji alitakiwa kujaza dodoso, yaani karatasi ya maswali isiyoandikwa jina.

"Wakinirudishia mimi wataona haya," alimwambia Chiriku. "Wagawie wewe, kisha uzikusanye. Ziko kumi na mbili, nazihitaji zote Ijumaa."

Chiriku alikusanya saba. Tano zilikuwa za wafuaji wa zamu ya asubuhi, ambao ilibidi awapitie kabla ya shule. Lakini asubuhi wenzake waliruka kamba uwanjani, naye mchezo huo aliupenda kupita kiasi. Ijumaa ilipofika, bado alikuwa na zile saba tu. Alichukua karatasi tano tupu zilizobaki kwenye bahasha ya Mama, akajaza mwenyewe. Penye maneno "Msimamizi wangu hunisikiliza", alitia vema kwenye "Nakubali kabisa", mara tano. Alijiambia kwamba huo si uongo sana, maana mama yake ni mtu mzuri.

Jioni Mama alizipitia karatasi huku akitabasamu. Ghafla tabasamu likakatika.

"Hawa watano wamepiga mstari kwa rula mwisho wa karatasi," alisema. "Tangu lini wafuaji wangu wanatembea na rula?"

Ndivyo Chiriku na wenzake walivyozoezwa darasani: ukimaliza zoezi, piga mstari. Machozi yakamtoka, kisha akaeleza yote.

"Chuo kikigundua majibu ya kubuni, mwanangu, kazi yangu ya miaka miwili imekwenda na maji." Mama hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Chiriku zaidi. Pale pale Mama alimpigia simu mhadhiri wake, akamweleza ukweli wote, akaomba wiki moja. Akapewa.

Jumatatu asubuhi Chiriku aliwapitia wafuaji mmoja mmoja, akiomba radhi. Alipomfikia mfuaji mkongwe kuliko wote, alisema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, bibi. Nilikujibia."

"Ulinijibia vizuri?"

"Vizuri sana, bibi."

"Basi hukunijibia mimi," bibi alisema, akacheka na kupokea karatasi.

Karatasi tano zilirudi. Mojawapo iliandikwa hivi: "Hutusikiliza, ila akiwa mlangoni, mguu mmoja nje." Mama aliisoma mara mbili.

"Imekuuma, Mama?"

"Imeniuma. Lakini wewe ulinipa sifa, na sifa zako zisingenifundisha kitu. Huyu amenionyesha kosa langu. Usimsemee mtu asichokisema, hata kama unafanya hivyo kwa kunipenda. Ukweli wao ndio nitakaoufanyia kazi."

Kesho yake Mama aliingia chumba cha kufulia amebeba kiti. Alikiweka kando ya meza ya mashuka, akaketi.

"Haya," alisema, "leo sina haraka."

Wafuaji walitazamana. Kisha bibi akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Tuanze na ile mashine ya tatu inayovuja," alisema.