Mafuta Chini ya Mtaa

"Usimpoteze."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza sikioni. Pua alikaza mkono, pikipiki ya Yamaha ikanguruma, akakata kona nyuma ya lori jeupe la tangi. Ubavuni mwa tangi paliandikwa kwa buluu: MAJI SAFI YA KUNYWA.

Maji gani yanayonuka dizeli?

Idara ilimbandika jina la Pua kwa sababu hiyo. Alikuwa jasusi aliyesomea kemia, na pua yake haikuwahi kumdanganya. Kila mara lori lilipoingia shimoni, matone meusi yalidondoka barabarani.

"Limeingia kiwanda cha zamani cha sabuni," alisema.

"Daktari yumo?"

"Land Cruiser yake iko getini."

"Basi sikiliza. Amepata fununu kwamba wakaguzi wanakuja. Anataka kumwaga uchafu wote wa matangi yake kwenye kisima kirefu cha kiwanda, leo hii. Kisima kile ndicho kinachogusa maji ya mji mzima; kikichafuka, mji umekwisha. Kikosi kiko njiani. Mzuie."

Daktari hakuwahi kumtibu mtu. Alikuwa mgeni, mwenye shahada ya udaktari wa miamba, na ndiye aliyewachagulia wenzake wa magendo mahali pa kufukia matangi ya mafuta ya wizi: chini ya kiwanda, juu ya mteremko uliojaa nyumba za watu. Matangi yalikuwa chakavu. Alijua yatatoboka. Yakatoboka. Mafuta yakazama udongoni, yakateremka kimyakimya hadi kwenye visima vya mtaa.

Simu ilitetemeka Pua akiwa juu ya ukuta wa kiwanda.

"Shangazi, niko kazini."

"Kazi haziishi, mwanangu. Yale maji uliyochukua kwenye chupa, wamesemaje? Leo nimechota, yana rangi rangi juu kama mkia wa tausi. Mdogo wako kaoga, ngozi inambabuka."

"Msiyaguse, Shangazi. Hata kufulia."

"Tutumie nini, mate?"

Alikata simu, akaruka ndani.

Buti zilizama. Ua ulikuwa laini kama ini lililooza. Alichomeka keekee ya udongo, akaizungusha, akaivuta. Udongo ulitoka mweusi, unang'aa, unachuruzika. Akausogezea kipima mvuke, kidude kidogo kuliko pakiti ya sigara. Kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Alitema mate. Ardhi nzima ile, hata mnyoo hakuna.

"We dada! Umeingiaje?"

Mlinzi. Mkono wake ulikuwa tayari kiunoni.

"Kwa miguu," Pua alisema, akampiga kiwiko cha shingo.

Alimdaka, akamlaza taratibu. Mikono ya mlinzi ilikuwa imebabuka vilevile. Daktari hakuwahurumia hata watu wake.

Banda la pampu lilikuwa nyuma ya kiwanda. Mpira mnene wa plastiki ulitoka kwenye lori, mbali huko uani, ukapenya ukutani. Pua aliusukuma mlango kwa bega, bastola ya Glock mkononi.

Daktari aligeuka. Shati jeupe, limenyooshwa. Kitambaa chenye manukato puani.

"Mikono juu!"

"Piga," alisema Daktari akicheka. "Lakini nusa kwanza."

Pua alinusa.

Petroli. Mvuke wake ulijaa banda zima. Cheche moja tu, na banda lingelipuka. Kisha matangi. Kisha mteremko. Shangazi na ndoo zake.

Alirudisha bastola kiunoni, polepole.

"Una akili," Daktari alisema. "Basi tazama."

Mpira ulikuwa unaonyesha ndani. Matope meusi yalikuwa yakitambaa humo, mazito, yakielekea kwenye mdomo wa kisima. Yalikwisha vuka nusu ya banda.

"Watu wanakunywa maji haya," Pua alisema.

"Watahama. Wakihama, na ardhi nayo tutainunua. Udongo hausemi, binti."

"Unanuka. Kwangu inatosha."

Akamrukia.

Daktari alinyakua spana. Pua akaiona inavyoshuka, akaona na bomba la chuma lililokuwa nyuma yake. Angekwepa, chuma kingegonga chuma.

Hakukwepa.

Bega lake lilipasuka kwa maumivu. Aling'ata meno, akaukamata mkono wa Daktari, akausokota mpaka vidole vikaachia. Spana akaidaka kabla haijagusa sakafu, akaitupa dirishani, ikatua kwenye tope la nje.

Matope yalikuwa hatua chache kutoka kisimani.

Aliurukia usukani wa vali. Ulikuwa umepakaa grisi, viganja vikateleza. Alivua koti kwa mkono mmoja, akaufunga usukani, akazungusha. Bega likamlilia. Akazungusha tena.

Vali ikajifunga. Matope yakasimama shibiri moja kutoka kwenye mdomo wa kisima.

Huko nje, injini ya lori iliendelea kusukuma. Mpira ukavimba kama tumbo la ng'ombe mfu, ukachomoka kwenye kiungo chake.

Daktari alikuwa amesimama mbele ya mpira.

Matope yalimkumba usoni, kifuani, mdomoni. Alianguka chali, akagaagaa akikohoa na kutapika katika uozo alioufuga mwenyewe. Pua alimshika ukosi, akamburura hadi uani, akamfunga pingu.

Kikosi kilifika, injini ya lori ikazimwa. Mkuu alishuka garini, akaziba pua.

"Kisima kirefu?"

"Kizima. Hakikupata hata tone."

"Na visima vya mtaani?"

"Hivyo huenda wajukuu wetu wakaviona vikiwa safi. Mpaka siku hiyo watu wa mtaa wapelekewe maji, Mkuu. Ya kweli. Leo."

"Macho yangu!" Daktari alilia. "Maji! Nipeni maji!"

Askari mmoja alichota ndoo kwenye kisima kifupi cha ua, akaiweka mbele yake. Juu ya maji palielea utando wa rangi rangi. Daktari aliinama, harufu ikampiga, akajirusha nyuma kama aliyeona nyoka.

"Hayo siyo maji! Hayo ni sumu!"

"Mmemsikia," Pua aliwaambia askari. "Mpeni ya chupa anawe. Sisi siyo yeye."

Aliketi kwenye ngazi ya kiwanda, akavua buti zilizolowa mafuta, akamkabidhi Mkuu.

"Za nini hizi?"

"Ushahidi."

Akaondoka peku kuelekea barabarani, bila kugeuka nyuma.