Turubai la Ukweni

Ndoo ya samaki ndiyo iliyowakutanisha. Stendi ya Mbinga siku ya Jumamosi haina adabu: wapiga debe wanapigana vikumbo, mizigo inashuka juu ya vichwa vya watu, na kila mtu ana haraka zake. Perpetua alisimama katikati ya fujo hiyo na gauni la kitenge cha njano lililomkaa kiunoni kama alizaliwa nalo. Alipokea ndoo ya mbasa aliyotumiwa na mama yake kutoka ziwani, akageuka bila kuangalia nyuma, na maji yote ya samaki yakammwagikia kijana mrefu aliyekuwa amekumbatia bunda la vitambaa vyeupe.

"Mungu wangu! Dada, hivi vinaenda harusini leo hii!"

"Samahani, kaka yangu. Lakini na wewe, mwanaume mzima unakumbatia mapazia stendi?"

"Si mapazia, ni vitambaa vya turubai. Sasa bibi harusi atanuka mbasa."

"Basi atapata mume anayejua kula!"

Kijana akacheka mpaka bunda likamponyoka. Huyo ndiye Benno wa Kitura, mkodishaji wa maturubai na viti, mtu ambaye harusi wala msiba haukamiliki bila yeye. Akambebea ndoo hadi nyumbani kwake, akaomba namba, akapewa. Ulipofika msimu wa baridi, watu wa Mbinga wanapolala na makoti, wawili hao walikuwa wakipigiana simu hadi chaji inakata.

Joto liliporudi, Perpetua akatoa la moyoni. Walikuwa kwenye kibanda cha chai, mbele ya ofisi anakofanya kazi ya ukarani.

"Mama anataka kukuona."

"Hata mimi nataka. Ila nitalala wapi? Mchumba halali chini ya paa la mama mkwe."

"Tukapige kambi, mpenzi. Ufukweni, chini ya nyumba yetu. Watalii wanatoka mbali kuja kulala pale, sisi tumekosa nini?"

Wazo hilo lilimwingia Benno mpaka likamnyima usingizi. Hakutaka kambi ya kulala mchangani kama watu waliokimbia mafuriko. Alitaka kitanda cha mbao, zulia jekundu, taa za sola, na lile turubai lake jipya jeupe lenye madirisha ya neti. Kila jioni walipanga.

"Mlango uangalie ziwani, upepo uingie," Perpetua alimwambia kwenye simu. "Na usilisogeze majini, viboko wanatoka kula majani."

"Na jua?"

"Tuliweke chini ya mikuyu. Hata hivyo mchana mtu hakai ndani, anaiva. Mmatengo wewe umezoea ukungu, utayeyuka kama mafuta ya kupikia!"

"Nitaweka paa juu ya paa, hewa ipite katikati. Utaniona fundi."

"Na kiti cha mama, Benno. Chenye mto. Akae hapo alasiri, ndani joto linamtesa."

Alichokificha Perpetua ni kwamba mama yake, Kunigunda, alikuwa na saratani ya ini, na hospitali ilikwishamrudisha nyumbani. Mama mwenyewe ndiye aliyekataza. "Usimwambie," alisema. "Aje kwa kukupenda wewe, asije kwa kunihurumia mimi."

Ijumaa ya safari ikafika, na simu ikalia.

"Pepe wangu, usinikasirikie. Kuna msiba Kitai, na turubai lililobaki ni lile letu. Msiba haukataliwi, unajua."

"Sawa. Wiki ijayo."

Wiki iliyofuata akafariki mzee wa jumuiya kule Kitura, kwao Benno. Kisha ukatokea msiba Liparamba. Perpetua alikuwa akishuka peke yake ziwani na kumkuta mama ameketi kitandani, amesukwa nywele, amevaa gauni lake la kanisani. "Hajafika?" mama aliuliza. Perpetua akajibu kwamba yuko njiani, halafu akatoka nje akalia.

"Niambie ukweli," alimpigia Benno. "Una mwanamke mwingine?"

"Mwanamke gani! Mimi nina maiti, Pepe!"

"Basi waachie hilo turubai. Njoo wewe."

"Nije mikono mitupu, nikalale kwa majirani? Mama yako atasema binti yake kaokota hohehahe. Nataka nikija, anione mwanaume."

"Anataka kukuona wewe, hataki kuona turubai!"

"Wiki ijayo, kipenzi. Naapa."

Jamani, kiburi! Benno alikuwa na watu wa kazi wanaojua kufunga turubai lile hata wakifumba macho. Angewaachia, angepanda gari asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana angekuwa amepiga goti mbele ya mama wa watu na kusema shikamoo. Na Perpetua naye, maneno mawili tu yangetosha: mama anakufa. Hakuyasema. Mmoja alikuwa mtumwa wa zulia lake, mwingine mtumwa wa siri.

Mama Kunigunda alifariki Alhamisi, kabla jua halijapanda. Perpetua hakumpigia Benno. Aliyempigia ni mjomba wake, Urbani, aliyepewa namba na watu. "Tunaomba turubai, baba, huku jua ni kali. Amefariki dada yangu, Kunigunda."

Benno alikaa chini palepale, barabarani.

Alifika kabla ya saa sita, ndani ya suti aliyoinunulia safari ile. Alilifunga turubai kwa mikono yake mwenyewe, mlango ukaangalia ziwani, paa juu ya paa, na jeneza likawekwa kivulini. Upepo ulipita vizuri. Akina mama walimsifu fundi.

Makaburini msemaji wa familia aliita watoto, wakaweka udongo. Akaita wakwe. Benno akasogea mbele. Mjomba Urbani akainua mkono.

"Samahani, kijana. Wewe ni mkwe wa nani? Hapa hatujawahi kukuona."

Benno akamtazama Perpetua, aliyefungwa kanga nyeusi, bila viatu. Perpetua alimpenda, tena sana, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kifo chenyewe.

"Ni mwenye turubai, mjomba," alisema Perpetua.

"Ahaa! Asante sana, baba, umetustiri. Kakae, chakula kitakuja."

Benno akarudi nyuma.

Jioni Perpetua alimfuata kwenye gari.

"Nisamehe, Pepe. Sikujua."

"Nami sikukwambia. Nimekusamehe."

"Basi nibaki nanyi mpaka matanga yaishe. Nilale nje na wanaume wenzangu."

"Ulale hapa kama nani, Benno?"

Benno alishika mlango wa gari, akauachia, akaushika tena.

"Na turubai?" aliuliza.

"Liache, watu wanaungua. Matanga yakiisha, mtume mtu mwingine aje alichukue."