Bibi Leutu wa Ufukweni Fagaloto

Fuatino aliziona nywele kabla hajamwona mwanamke mwenyewe.

Alikuwa nyumbani, anaunga picha za ufukwe. Kamera ilikuwa ya kijiji kizima cha Fagaloto, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kuipiga picha pwani ile inayomegwa na bahari. Unaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, unapiga, unaizungusha kidogo, unapiga tena, kila picha ishike ukingo wa mwenzake, kisha kompyuta inaziunga kuwa picha moja ndefu. Na ndani ya picha ile alisimama mwanamke, amegeuza mgongo, nywele zimemwagika hadi kiunoni, zinachuruzika maji. Alikuwa penye makaburi ya zamani, alikuwa kwenye mnazi ulioanguka, alikuwa kando ya mtumbwi. Mahali patatu, mtu yule yule.

Fuatino alikumbuka vizuri kwamba ufukwe ulikuwa mtupu.

Mdogo wake, Iosefo, alicheka. Alisema mtu akitembea huku kamera inazungushwa hunaswa mara mbili tatu, hilo halina uchawi. "Bibi wa watu kakuona unahangaika peke yako, dada," alisema, "akakuonea huruma." Wakakubaliana warudi wote wawili alasiri ile ile, kabla baragumu la sala halijalia.

Jua lilikuwa bado kali. Hapakuwa na mtu. Iosefo alipiga picha ya kwanza, akaitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Fuatino akachungulia. Mwanamke alikuwa mbali, juu ya mawe meusi. Akainua macho: mawe matupu. Iosefo akazungusha, akapiga. Sasa alikuwa karibu zaidi.

"Acha, Iosefo. Twende nyumbani."

"Siwezi," alinong'ona. "Mkono si wangu."

Akazungusha tena na tena, na kila kamera ilipolia tiki harufu ikazidi, harufu ya maua ya langilangi yaliyooza na mafuta ya nazi na kitu cha chini ya udongo, na mchanga mbele yao, mtupu kabisa machoni, ukaanza kubonyea polepole, unyayo mmoja, kisha mwingine, zikija, na Fuatino akamkumbatia ndugu yake kiunoni amvute akamkuta mzito kama nguzo ya nyumba, mpaka kwenye kioo cha kamera hapakuwa tena na bahari wala mbingu, ila nywele tu.

Iosefo akaanguka.

Homa ilimpanda njiani. Walipomlaza, alianza kudai mkeka wake wa mazishi kwa sauti ya kikongwe. Baba yao, Tuiloma, akamwita Mama Pelenise, mganga wa kijiji jirani. Akaja na majani yake, akamkanda mgonjwa kifua, akamwinamia.

"Nani aliyeingia kwa mtoto wetu?"

"Leutu," ile sauti ikajibu. "Mnalizungusha hilo jicho lenu pwani nzima. Mnaona nazi, mnaona mawe. Maji yamejaa kifuani mwangu, hakuna anayeniona."

Tuiloma akainamisha kichwa. Alieleza kwa shida kwamba Leutu alikuwa shangazi yake, aliyekufa bila mtoto. Baada ya kile kimbunga kilichoanza kuyabomoa makaburi ya pwani, watu walipohamishia wafu wao mlimani, kila mmoja alibeba mzazi wake.

"Tulisema tutamrudia," alisema. "Hatukurudi."

Pelenise akawaambia wakamtoe kaburini kwake pwani sasa hivi, kabla maji hayajajaa. Wakachimba, Fuatino naye akichota mchanga kwa mikono. Chini ya zege la kaburi hapakuwa na mfupa hata mmoja. Bahari ilikuwa imepenya kwa chini ikamchukua zamani. Hapo Pelenise akaketi chini, na Fuatino akaona kwamba mganga anaogopa. Asiye na mfupa kaburini humrudishi popote. Hata hivyo wakaviringisha mchanga ule ndani ya mkeka laini wa harusi na mazishi, wakauzika mlimani kando ya kaka yake, baba yake Tuiloma, wakamtaja jina kwa sauti.

Waliporudi, Iosefo alikuwa ameketi, anaomba kakao ya moto kwa sauti yake mwenyewe. Mama yao akalia. Magimbi yakaletwa, watu wakamzunguka, Fuatino akakaa ubavuni mwake na kumshika mkono, ambao sasa ulikuwa mkavu na wa baridi.

Iosefo akatazama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, hapakuwa na mtu. Akainama kwa adabu, kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, kama mtu anayempisha mkubwa akae.