Mkate Alioukataa Muattar

"Kaka, huu mkate umepigwa muhuri au umepigwa makofi?"

Davlatyor aliinua kichwa, mikono ikiwa na unga hadi viwikoni. Soko la Siyob lilikuwa limefurika asubuhi ile. Watu walisukumana kati ya mafungu ya bizari na matikiti, na mikate ya Samarkandi ilimeta juu ya meza kama sahani za shaba. Mbele yake alisimama msichana aliyevaa gauni la hariri ya manjano yenye mawimbi ya zambarau, kilemba kidogo kikiwa kimetelezea kisogoni. Alikuwa ameshika mkate akiukagua kama fundi wa saa.

"Hiyo ni namba yangu ya simu, dada. Kila mwokaji anapiga yake. Ukiupenda mkate, unanitafuta."

"Na nikishaula wote, namba nitaipata wapi? Tumboni?"

"Ikariri kabla hujauma."

Msichana akacheka, akalipa, akapotea. Adhuhuri simu ya Davlatyor ikalia.

"Nimebakiza kipande chenye namba," sauti ikasema. "Kinakauka. Nifanyeje?"

"Kichovye kwenye chai. Kisha niambie jina lako."

Aliitwa Muattar, mtarizi wa mapazia ya harusi. Miezi mitatu simu hazikukatika. Akimkosa asubuhi, Davlatyor aliunguza mikate. Alikuwa kijana wa majivuno, mwepesi kuwaka kuliko tanuri lake, lakini kwa Muattar alipoa.

"Niliwahi kuolewa," Muattar alimwambia siku moja kwenye mgahawa wa chai. "Mwaka mmoja. Alikuwa anafanya kazi ughaibuni, akija na kuondoka. Tukaachana."

"Na mimi niliwahi kuwa na pikipiki. Tukaachana vilevile."

"Unanifananisha na pikipiki, wewe?"

"Hapana, roho yangu. Pikipiki ilikuwa inanisikiliza."

Muattar alicheka, lakini alionekana kama mtu aliyetaka kuongeza neno, akalimeza pamoja na chai.

Kisha akapata nafasi ya mafunzo Tashkenti, mwezi mzima. Siku ya safari Davlatyor alifika stesheni na shati jeupe lililopigwa pasi, na mkate wa moto ndani ya kitambaa. Kwao msafiri huuma mkate kabla ya kuondoka. Unaobaki hutundikwa ukutani kumngoja, na akirudi humalizwa pamoja na waliomsubiri.

"Uma, mpenzi."

Muattar aliutazama mkate.

"Siwezi."

"Umeshiba? Uma kidogo tu, kama panya."

"Davlat, siwezi. Usiutundike."

Akapanda behewani. Gari moshi likaondoka, na Davlatyor akabaki na mkate mzima mikononi. Samarkandi nzima inajua maana ya msafiri kukataa kuuma: sirudi kwako.

Siku tatu Davlatyor hakupokea simu za Muattar. Aliponda donge la unga kama anayepigana nalo. Kichwani tayari alikuwa amemchagulia Muattar mchumba wa Tashkenti mwenye gari jeusi, na alikuwa akimchukia mtu huyo kwa moyo wote. Siku ya nne akashindwa, akapokea.

"Sema jina lake," akanguruma.

"Jina la nani?"

"La huyo uliyenikatalia mkate kwa ajili yake!"

Muattar akaangua kilio.

"Hakuna mtu, mjinga wewe. Nina ugonjwa. Aliniachia yule mume. Malengelenge ya sehemu za siri. Yanatoka, yanakauka, yanarudi. Niliogopa mate yangu yakae kwenye mkate mwezi mzima, halafu uje uule, nikuambukize. Nilitaka kukuambia pale pale, watu walikuwa wengi. Sasa umejua. Niache tu."

Davlatyor alikaa juu ya gunia la unga. Hasira ilimtoka, aibu ikachukua nafasi yake.

"Nipe siku mbili," akasema. "Na usizime simu."

Kesho yake alikuwa mbele ya Daktari Zamira, mama mnene mwenye miwani ya kamba, akiongea huku akitazama viatu vyake.

"Mkate?" daktari akauliza. "Hauambukizwi kwa mkate, wala kikombe, wala taulo. Ni ngozi kwa ngozi, wakati wa kujamiiana."

"Unapona?"

"Virusi haviondoki mwilini, lakini vinatulizwa. Kuna vidonge, akimeza kila siku malengelenge yanapungua, na hatari ya kukuambukiza inashuka sana. Mtumie kondomu. Akisikia mwasho au kuchomachoma, mngoje hadi pakauke kabisa. Hata pasipo kidonda virusi vinaweza kupita, kwa hiyo msidanganyane kwamba hatari ni sifuri. Siku akipata mimba, amwambie daktari mapema. Watu wanaishi nao, wanazaa, wanazeeka." Akavua miwani. "Na wewe, hilo kovu la mdomoni ni nini?"

"Ah, hili? Vipele vya homa. Tangu utotoni. Bibi alisema ni mshtuko, akawa ananipaka jivu la tanuri."

"Mshtuko! Mwanangu, hivyo vinaletwa na virusi ndugu wa vile vya mchumba wako. Vikikutoka halafu ukamgusa mtu kwa mdomo, unaweza kumwambukiza, hata huko chini. Usimbusu mtu mpaka vipone. Na hilo jivu, rudisha tanurini."

Davlatyor alitoka akicheka peke yake barabarani, machozi yakimlenga.

Asubuhi iliyofuata alishukia Tashkenti. Muattar alimkuta nje ya darasa lake, amevaa shati lile lile jeupe, sasa limekunjamana. Muattar mwenyewe macho yalikuwa yamevimba, uzi mwekundu umenasa begani.

"Umekuja kunisema?"

"Nimekuja kukushukuru." Akafungua kitambaa chenye mkate. "Uliogopa kuniumiza hadi ukakubali nikuchukie. Nani mwingine angenifanyia hivyo? Daktari kasema mkate hauna kosa. Halafu kaniangalia mdomo, akasema na mimi ninavyo, toleo la juu."

"Wewe?"

"Bibi alinipaka jivu miaka kumi. Nimekuwa mshikaki bure."

Muattar akacheka na kulia kwa mpigo mmoja.

"Tutakwenda kwa daktari wote wawili," akasema Davlatyor, safari hii polepole. "Vidonge, kondomu, siku za kungoja, vyote. Ukirudi, wazee wavunje mkate kutangaza uchumba wetu. Ukitaka. Uma kama unataka."

Muattar aliushika kwa mikono miwili, akauma pale penye muhuri.

"Nimekula tarakimu yako ya mwisho."

"Si unaijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mkate ule Davlatyor alirudi nao Samarkandi, ukakaa kwenye msumari juu ya tanuri wiki tatu. Muattar aliporudi ulikuwa mgumu kama ubao. Waliuvunja kwa nyundo ya jikoni, wakauchovya kwenye chai ya kijani. Muattar akatoa kidonge chake, akakimeza mbele ya Davlatyor bila kujificha.

"Mgumu kama kichwa chako," akasema akitafuna.

"Tafuna tu, roho yangu," Davlatyor akamjibu, akimsogezea kipande kikubwa zaidi. "Asante kwa kurudi."