Klachi Iliyomvunja Dubow Vidole

Mume wangu alikuwa amemkalia Dubow kifuani, na ncha ya kisu ilikuwa imeshaingia kwenye ngozi ya shingo.

Damu ilikuwa nyingi... lakini nyingi haikuwa ya Dubow. Ilikuwa ya mume wangu, ikimtoka begani na kumdondokea rafiki yake usoni.

"Sema," Warfa alimwambia. "Sema nani alikutuma uniue."

"Wallahi sijatumwa na mtu, walaal."

"Usiniite ndugu."

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwao. Nilikuwa na miaka kumi na saba, bibi harusi wa miezi minne. Mwaka ulikuwa 1953, mahali ni Habaswein, jua la saa saba mchana.

Ngojeni niwaeleze tulifikaje hapo.

Warfa alikuwa na kazi ambayo vijana wote waliitamani. Tajiri mmoja wa mifugo alikuwa amempa pikipiki apeleke barua na dawa za ng'ombe mjini Modogashe.

Fundi wa ile pikipiki alikuwa Dubow. Mambo ya vyuma alijifunzia jeshini, wakati wa vita na Waitaliano. Hakuna mwingine Habaswein nzima aliyeweza kuifungua ikafungika tena.

Hao wawili walichunga ngamia pamoja tangu utotoni. Ila kulikuwa na jambo moja kati yao, na jambo hilo ni mimi.

Dubow ndiye aliyekuja kuniposa kwanza. Baba akamkataa. Mwaka uliofuata akaja Warfa, akakubaliwa. Siku ya harusi Dubow alileta mbuzi wake mwenyewe, akamchinja, akacheza mpaka watu wakaondoka. Sikumwona akininunia hata siku moja.

Lakini watu wana midomo.

Asubuhi ile Warfa aliondoka peke yake. Alipofika kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga, wanaume wawili wakatoka vichakani na mikuki na marungu. Walitaka mzigo.

Warfa akavuta mafuta yote. Injini ikalia kama mnyama anayechinjwa... na gurudumu halikupata nguvu. Pikipiki ilitambaa tu. Klachi, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, ilikuwa inateleza.

Rungu la kwanza lilimpata mgongoni. Mkuki ukaingia begani. Akaanguka, akachomoa kisu, akamchoma mmoja tumboni. Yule wa pili alikuwa ameshainua rungu ampasue kichwa, ndipo lori la mahindi likatokea. Akamkokota mwenzake, wakapotelea vichakani.

Watu wa lori walimpakia Warfa pamoja na pikipiki. Walitaka kumfunga jeraha, akakataa. Njia nzima alikuwa na neno moja tu mdomoni.

Dubow.

"Klachi uliifungua wewe juzi," alimwambia sasa, kisu bado shingoni. "Ukasema imepona."

"Niliifungua. Na ilipona."

"Ilipona? Nilikuwa natazamana na mkuki, Dubow. Gia iko ndani, injini inalia, na mimi niko palepale."

"Nani ameigusa baada yangu?"

Mimi nilijua nani ameigusa.

Nikanyamaza.

"Nani mwingine anaijua?" Warfa alisema. "Ulimtaka mke wangu. Mimi nife, eda iishe, wewe upige hodi."

"Mungu akusamehe, Warfa."

Warfa akainuka. Akachukua spana kubwa kwenye vyombo vya Dubow. Akaukanyaga mkono wa kulia wa rafiki yake juu ya jiwe.

"Mkono ulioifungua ni huu?"

Akapiga mara mbili.

Mlio wake bado ninao masikioni. Kama vijiti vikavu vya kuwashia moto. Dubow hakulia, aliuma shuka yake tu. Watu walikuwa wamejaa, na hakuna aliyeingilia. Waliona lile bega na wakadhani haki iko upande wa damu.

Dubow alipopata pumzi, akakaa, uso umekuwa wa majivu.

"Niache niifungue mbele yako," alisema. "Ukikuta ubaya wangu humo ndani, nichinje. Sitakimbia."

"Fungua."

"Kwa mkono mmoja siwezi. Mtu anishikie spana."

Warfa akanitazama. "Kaaha. Mshikie."

Nikapiga magoti mchangani. Nikaanza kupapasa vyombo ovyo, na yule mtu mwenye vidole vilivyovunjika ndiye aliyenituliza mimi.

"Polepole, abaay," aliniambia. Yaani dada. "Kwanza kebo, huu waya. Bonyeza hapo kwenye mkono wa klachi. Inacheza kidogo kabla ya kukaza?"

"Inacheza."

"Vizuri. Ingekuwa imekaza mno, klachi isingekamata. Basi si kebo. Sasa shika hii spana, fungua kifuniko."

Nikafungua. Akatazama ndani.

"Springi zote zimekaza sawa. Si springi."

Halafu akanusa.

Mimi nilikuwa nimeshanusa kabla yake. Oili ya injini inanuka vyake, lakini humo hamkunuka oili. Mlinuka samli. Samli iliyoungua, kama ya jikoni mwa mama yangu.

Dubow alichomoa pleti moja ya klachi, kisahani kinachotakiwa kukamatana na wenzake, kwa mkono wa kushoto. Iling'aa kwa utelezi kama midomo ya mtoto aliyetoka kula nyama. Akaitazama. Akanitazama mimi. Akayatazama macho yangu muda mrefu sana.

Alijua.

Kisha akageuka kwa mume wangu.

"Ni mimi," alisema. "Oili iliniishia, nikatia samli. Nilidhani itafaa. Kosa ni langu."

Watu wakaguna. Warfa akaja na kisu.

"Umekubali kwa mdomo wako."

"Nimekubali."

Akainua shingo, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inasoma shahada.

Wajukuu zangu, sijui miguu yangu ilisimamaje. Nilijikuta nimesimama.

"Anadanganya," nilisema. "Samli nimetia mimi."

Warfa akanigeukia na kisu chake.

"Nilimwona Dubow akitia oili kwenye tundu lile la klachi. Akasema chuma kikikauka humtupa mtu njiani. Sisi kila kitu tunapaka samli, Warfa. Ngozi, kamba za kisimani, nywele, hata kidonda cha ngamia. Nikachukua samli aliyonipa hooyo, mama yangu, nilipoolewa, bakuli zima. Nikaiyeyusha juani, nikaimimina yote jana jioni. Nilitaka ikurudishe kwangu salama."

Warfa alisogea mpaka nikasikia joto la pumzi yake.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na kisu."

Mkono wake ukapanda. Kisu kikapanda nao. Dubow akaingia katikati yetu, ule mkono wake ukining'inia.

"Mimi umenipiga nikakuachia," alisema. "Mguse huyu, wallahi mara hii sitakuachia."

Wakatazamana. Kisha Warfa akaporomoka mchangani. Damu ilikuwa imemwishia.

Mnajua nani alikuwa wa kwanza kumfunga lile bega? Dubow. Alivua kilemba chake, akakikaza kwa mkono wa kushoto na meno.

Warfa alipona. Pleti zilioshwa kwa petroli, zikakaushwa, oili sahihi, nyepesi isiyozuia pleti kukamatana, ikatiwa, na pikipiki ikapanda mchanga kama kawaida. Vidole viwili vya Dubow havikunyooka tena maisha yake yote.

Kwa miaka sita, kila alfajiri ambayo hakuwa safarini, Warfa alikuwa anakwenda kwa Dubow kumshikia spana. Sikuwahi kumsikia akiomba msamaha kwa sauti. Wala Dubow hakumdai. Wakati mwingine nikiwapelekea chai nilikuwa nawakuta wametulia, mmoja anaelekeza, mwingine anakaza nati.

Wote wawili wametangulia sasa. Mungu awarehemu.

Watu wa kwetu wakisimulia habari hii huicheka samli, au humlaumu Warfa kwa hasira zake. Wana haki. Mtu mwenye uchungu asipewe silaha na hukumu kwa wakati mmoja.

Lakini mimi nilikuwepo. Dubow aliuliza nani ameigusa pikipiki, na kutoka hapo mpaka spana kushuka palikuwa na nafasi ya kutosha maneno mawili. Nilikuwa nayo mdomoni. Niliogopa kupigwa, nikaacha apigwe mwenzangu. Nilipoyatoa niliokoa shingo yake... vidole nilikuwa nimeshavichelewa.

Basi kama una neno la kumtoa mtu kwenye lawama, usingoje ujasiri uje. Mimi haukunijia hata siku ile. Nilisema huku natetemeka.