Tangazo Kwenye Mfuko wa Koti

Jumamosi asubuhi lango la jengo lilijaa watu, wengine wakirudi sokoni na wengine wakigombea lifti ambayo wakati huo bado ilifanya kazi. Katikati yao mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu alikuwa akibandika tangazo ukutani.

"Bitana ya koti lako inachungulia, mwenyekiti."

Aligeuka. Mwanamke mwenye gauni la njano alisimama na furushi la vitambaa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mimi katibu tu wa umoja wa wamiliki," alisema. "Na wewe bitana zinakuhusu nini?"

"Fundi cherehani, ghorofa ya pili. Lilete, kabla hujatuaibisha wenye jengo."

Akalileta, na simu zikaanza.

"Umekula, laazizi?"

"Nitakulaje, na kila nikitia uzi unanipigia?"

Kisha lifti ikafa. Mama yake Fundi, ambaye miguu ilishamkatalia, hakushuka tena chini. Fundi naye hakuweza kumwacha peke yake, kwa hiyo alishona palepale, hatua mbili kutoka kitandani kwa mama, na wateja wakapanda ngazi. Ngazi thelathini na nane ziliwafunga mama na mwana pale kuliko kufuli.

Mwezi wa tatu tangu lifti ife, barua ikapenyezwa chini ya mlango. Mkutano wa wamiliki umepiga kura: ni marufuku kushona kwa cherehani ndani ya nyumba. Mashine iondolewe kwa siku saba. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kwanza, chini yao, alikuwa amelalamika kwamba dari lake linanguruma kutwa. Sahihi ilikuwa ya Katibu.

Fundi alimpigia Katibu papo hapo.

"Kumbe ulikuwa unanichekea tu. Mkutano umekaa, mimi sina habari."

"Tangazo nilikubandikia mlangoni, mpenzi. Nikadhani hukuja kwa sababu ya mama."

"Mlango wangu haujabandikwa hata stempu. Lini hiyo?"

"Siku ile uliponijaribisha koti."

Koti lilikuwa bado nyuma ya mlango likisubiri vifungo. Fundi akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Ninalo hapa. Ulinificha," akasema, akakata.

Hakumficha. Siku ile Katibu alikuja na tangazo mkononi, Fundi akamwambia avae koti na kuinua mikono, naye akalisokomeza mfukoni na kusahau kilichomleta. Mapenzi yalimpumbaza, basi. Sasa alipiga simu mara kumi na moja, haikupokelewa. Fundi alikaa akitazama cherehani, mama, mlango.

"Tuhame, mwanangu," mama alisema.

"Twende wapi, mama? Nani akubebe?"

Siku ya sita Katibu alisimama mbele ya kamati. Katiba ya umoja ilisema kila mmiliki abandikiwe tangazo mlangoni siku kumi na nne kabla, asikilizwe, la sivyo uamuzi unaomhusu ni batili.

"Sikumbandikia. Kosa ni langu, na kura ile haifai," alisema.

"Basi na muhuri uweke mezani," mwenyekiti wa kamati alijibu. "Ila kwanza ubandike matangazo ya mkutano mpya."

Mchana huo Fundi, aliyekwisha kuambiwa mambo ya kamati na mwalimu mwenyewe, alifungua mlango akamkuta Katibu anabandika.

"Umepoteza cheo kwa ajili yangu."

"Nimekipoteza kwa uzembe wangu. Bado nina nyumba ghorofa ya tano, na kura yangu moja. Ila mwalimu naye ana haki ya kupumzika. Weka zulia zito chini ya mashine, nipate la kukutetea."

"Nitaweka. Nisamehe, roho yangu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza, kama wao."

Katibu alikuwa ameshika kitu mfukoni mwa suruali.

"Mwambie akitoe," mama alisema kutoka kitandani. "Mifuko ya huyu haina usalama."

"Siwezi leo, mama. Mchumba wa mwenye shauri hapigi kura."

Fundi alimtazama mpaka macho yakamlowa.

"Basi usiniulize," alisema, akimpa koti lake. "Siku ya kumi na tano uje."

Kwenye ngazi Katibu alivaa koti, akajaribu kutia pete mfuko wa ndani. Haukufunguka. Akapiga simu.

"Fundi, mfuko umeushona."

"Nimeushona. Cha kwangu ukilete mkononi."